Herufi Saba za Kuimbia

Ukijua kusoma herufi, umekwisha kuanza kazi ya kusoma wimbo. Katika vijiji vingi wanakwaya hufundishwa kwa masikio. Mwalimu anaimba, wao wanafuata. Njia hii ni nzuri, lakini ina hasara yake. Mwalimu akihama, nyimbo ambazo hazikuandikwa huanza kupotea. Sauti ya kwanza hubaki, kwa sababu kila mtu anaijua. Besi na sauti za katikati husahauliwa.

Wimbo unaweza kuandikwa. Njia moja rahisi inaitwa solfa. Hutumia herufi saba tu: d, r, m, f, s, l, t. Zinasomwa hivi: do, re, mi, fa, so, la, ti. Kila moja ni nota. Sauti hupanda kutoka do mpaka ti, kisha inafuata do ya juu. Hiyo huwekewa alama ndogo juu yake, namna hii: d'. Nota za chini huwekewa alama upande wa chini.

Mwanzilishi wa njia hii ni mwalimu mwanamke, Sarah Glover, wa mji wa Norwich, Uingereza. John Curwen aliitengeneza zaidi na kuieneza, kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari na walimu wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, akauandika kwa solfa. Wimbo wetu wa Taifa, Mungu Ibariki Afrika, huimbwa kwa sauti hiyo hiyo.

Sasa fikiria ngazi. Do hadi re ni hatua nzima. Re hadi mi ni hatua nzima pia. Lakini mi hadi fa ni nusu hatua. Vivyo hivyo ti hadi do ya juu. Hapa ndipo wengi hukosea. Hupandisha fa mno, na wimbo wote ukaharibika. Imba polepole mara nyingi: mi, fa, mi, fa. Sikiliza jinsi zilivyo karibu.

Je, do yenyewe iko wapi? Do haina mahali pamoja. Juu ya wimbo utaona maneno kama "Do ni G". G ni jina la sauti moja ya kinanda. Kama hamna kinanda, kiongozi atachagua do. Kwanza atazame nota ya juu kabisa ya sauti ya kwanza, na nota ya chini kabisa ya besi. Waimbaji wakizifikia zote mbili bila kujikaza, do hiyo inafaa.

Bado mapigo. Piga makofi sawasawa, kama watu wanaotwanga pamoja. Soma mstari huu:

| d :r | m :f | s :– | s :– |

Nota iliyo mara baada ya mstari uliosimama ina pigo la nguvu. Nota iliyo baada ya nukta mbili ina pigo dogo. Kistari maana yake ni kuendelea na sauti ile ile. Pakiachwa wazi, nyamaza, lakini endelea kuhesabu. Anayeharakisha hapo huwapotosha wenzake.

Wimbo wa sauti nne una mistari minne, mmoja chini ya mwingine: soprano, alto, tena na besi. Soma mstari wako.

Utaona pia herufi f na p juu ya mistari. Usizichanganye na nota! f hapo maana yake ni kuimba kwa nguvu, na p ni kuimba kwa sauti ndogo. Zimetoka katika Kiitalia.

Lakini si kila wimbo unaingia katika herufi hizi. Nyimbo za Wagogo, kwa mfano, zina ngazi yake yenyewe. Ukizilazimisha kufuata do, re, mi, utazibadilisha. Hizo ni afadhali kujifunza kwa mzee anayezijua.

Kwa zoezi, chagueni wimbo mfupi wa kwaya mnaoujua wote. Mmoja aimbe, mwingine aandike ubaoni. Anzeni kwa kutafuta do. Mara nyingi sauti ya kwanza humalizia hapo.