Bandari ya Maskani na Hesabu ya Mwenyeji

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazame. Tumeukumbuka usemi huo tulipokuwa tukizifuatilia habari za Meksiko, nchi ambayo kwa miaka mingi imezipokea meli kubwa za watalii, na ambayo imekuwa ikitafuta njia ya kuzifanya baadhi ya meli hizo zianze na kumaliza safari zake katika bandari za nchi hiyo yenyewe. Jambo hili liko mbali nasi kwa masafa, lakini kila mkaazi wa kisiwa aliyewahi kusimama gatini akatazama jengo la ghorofa kumi na zaidi likielea mbele yake, na jioni likaondoka, atalielewa bila ya kufasiriwa.

Yafaa kwanza tueleze tofauti iliyopo baina ya bandari mbili. Ipo bandari ya kupita na ipo bandari ya maskani. Katika bandari ya kupita meli hufika asubuhi, abiria wakashuka kwa saa sita au nane, wakanunua kofia na kinyago, wakaogelea, kisha wakarudi melini kula chakula cha usiku ambacho walikwisha kukilipia kabla ya kuondoka kwao. Katika bandari ya maskani ndiko safari inakoanzia na kuishia. Huko abiria hufika kwa ndege au kwa gari, akalala hotelini usiku mmoja au zaidi, akapanda teksi, akala mkahawani. Huko ndiko meli inakojaza maji matamu na mafuta, inakopakia nyama, mayai, mchele na mboga za watu maelfu kwa siku saba, inakofua, inakobadilisha mabaharia na kutengeneza kilichoharibika. Kwa ufupi, bandari ya kupita hupata chenji ya mgeni, na bandari ya maskani hupata mfuko wake.

Meksiko inaijua tofauti hiyo kwa uchungu. Kisiwa chake cha Cozumel, kilichopo katika Bahari ya Karibi umbali wa kilometa 19 hivi kutoka bara, ni miongoni mwa vituo vinavyopokea watalii wengi kabisa wa meli duniani. Katika mwaka 2024 walifika huko abiria zaidi ya 4,000,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wakaazi wa wilaya nzima ya Cozumel walikuwa 88,626. Maana yake ni kwamba kila mkaazi mmoja, pamoja na mtoto mchanga na mzee asiyetoka kitandani, alifikiwa na wageni zaidi ya 45 katika mwaka mmoja. Hata hivyo sehemu kubwa ya meli zilizowaleta wageni hao zilianzia safari zao Miami, Port Canaveral, Galveston na bandari nyingine za Marekani, na huko huko ndiko zilikorudi. Bandari ya Miami peke yake, katika mwaka wa fedha wa 2023, ilihudumia abiria zaidi ya 7,000,000. Cozumel ina bahari, matumbawe na jua. Miami ina tiketi, hoteli na ghala la chakula.

Wenye kuitetea hoja ya bandari za maskani nchini Meksiko wana silaha moja ambayo haikutengenezwa na wao, nayo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886 kuhusu vyombo vya abiria. Sheria hiyo inakikataza chombo cha kigeni kuchukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kumshusha katika bandari nyingine ya Marekani, ila kwa masharti ya kupitia nchi za nje. Na kwa kuwa karibu meli zote kubwa za utalii hupeperusha bendera za Bahama, Panama, Bermuda au Malta, sheria hiyo iliyotungwa katika zama za merikebu za moshi inazifunga mpaka leo. Meli iendayo visiwa vya Hawaii kutoka Los Angeles na kurudi huko huko hulazimika kutia nanga mahali fulani nje ya Marekani, na mara nyingi mahali hapo ni Ensenada, bandari ya Meksiko iliyopo kilometa zipatazo 100 kusini ya mpaka. Lakini safari ikianzia Meksiko yenyewe, abiria anaweza kushushwa Honolulu na sheria isivunjwe.

Basi ilitokeaje? Yapo makampuni yaliyoziuza safari za namna hiyo, kuanzia Ensenada na kuishia Honolulu. Kwa karatasi, Ensenada ilikuwa bandari ya maskani. Kwa vitendo, abiria walikusanyika San Diego upande wa Marekani, wakalala katika hoteli za San Diego, wakapandishwa mabasi, wakavushwa mpaka na kupelekwa moja kwa moja mpaka ngazi ya meli. Ensenada ilipata heshima ya jina, na San Diego ikapata malazi na chakula. Tunaomba maofisa wetu waisome habari hii mara mbili, maana ndani yake limo somo zima: mtu anaweza kupewa jina la bandari ya maskani na bado asipewe riziki yake.

Upo mfano mwingine, wa Puerto Peñasco katika jimbo la Sonora, kwenye pembe ya kaskazini ya Ghuba ya California. Mji huo ni wa wavuvi wa kamba, na upo mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Phoenix katika jimbo la Arizona, ambalo halina bahari. Mantiki ilikuwa nzuri: watu wa Arizona wateremke kwa magari, waache magari yao mjini, wapande meli na kuizunguka ghuba. Katika miaka ya 2010 kazi ya kujenga gati la bandari ya maskani ilianza, mawe yakamwagwa baharini, fedha za umma zikatumika. Kisha kazi ikasimama, na gati likabaki kwa miaka mingi likiwa halijakamilika, likielekea baharini kama mkono ulionyooshwa kuomba. Hatusemi kwamba gati hilo haliwezi kukamilika. Tunasema kwamba gati lilitangulia na ahadi ya meli ikabaki nyuma, na huo ni mpangilio uliopinduliwa.

Hapo tunafika katika jambo linalowahusu zaidi watu wa visiwani. Bandari ya maskani haiwezi kukaa popote. Inataka kiwanja kikubwa cha ndege kilicho jirani, kwa kuwa meli moja ya abiria 3,000 huwashusha watu 3,000 asubuhi na kuwapandisha wengine 3,000 alasiri ya siku hiyo hiyo, wote wakiwa na mizigo. Katika pwani ile ya Karibi, kiwanja chenye uwezo huo kipo Cancún, nacho kilihudumia abiria zaidi ya 30,000,000 katika mwaka 2023 na tena katika mwaka 2024. Cancún iko bara. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilipotolewa shauri la kujenga bandari ya maskani karibu na Xcaret, katika pwani ya bara inayoikabili Cozumel, watu wa kisiwani walilipinga vikali. Waliona wazi kwamba meli ikianzia bara haina sababu ya kuvuka kilometa chache na kusimama kisiwani. Itaelekea moja kwa moja Jamaika, Honduras au Belize. Bandari hiyo haikujengwa. Lakini wazo halikufa, na kila linapofufuka, swali la mtu wa Cozumel ni lile lile: je, maendeleo ya taifa yatapita juu ya kisiwa changu au ndani yake?

Swali hilo ni la haki, nalo lisipokewe kama choyo. Hata hivyo hapana budi kisiwa nacho kijiulize kama kinaweza kuubeba mzigo wa maskani. Maji ya Cozumel hutoka katika visima, na chini ya maji matamu hulala maji ya chumvi. Ukiteka kwa pupa, chumvi hupanda. Sehemu kubwa ya chakula na bidhaa huletwa kwa vivuko kutoka bara. Meli inayoanzia safari mahali huomba maji kwa mamia ya tani, nayo huacha taka. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafu utokao melini, uliofanywa mwaka 1973 na kurekebishwa mwaka 1978, unazitaka nchi ziwe na pahala pa kuzipokea taka hizo bandarini. Taka ikishashushwa gatini si ya meli tena. Ni ya mwenyeji, na jaa ni la mwenyeji.

Na yapo matumbawe. Cozumel imelala katika mwamba wa matumbawe unaotoka ncha ya Yucatán mpaka Honduras, urefu wa kilometa zipatazo 1,000, na sehemu ya miamba yake ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1996. Kisiwa kina magati matatu ya meli za watalii. Shauri la kujenga gati la nne lilipata ruhusa ya idara ya mazingira mwishoni mwa mwaka 2021. Wakaazi, wakiwemo wapiga mbizi ambao riziki yao ni yale matumbawe, walikwenda mahakamani, na mahakama ikaamuru kazi isimamishwe. Hawa hawakuwa maadui wa utalii, kwani utalii ndio uwapao chakula. Walichokataa ni kuuza mbegu ili wanunue jembe.

Tusisahau habari ya ushuru, maana hapo ndipo mwenyeji anapopimwa nguvu zake. Kwa miaka mingi abiria wa meli za watalii walisamehewa ada ya uhamiaji ambayo mgeni mwingine huilipa Meksiko. Mwishoni mwa mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo liliufuta msamaha huo na kupitisha ada ya dola 42 za Kimarekani kwa kila abiria. Makampuni ya meli yalipiga kelele na kuonya kwamba safari zingehamishiwa kwingine. Utekelezaji ukaahirishwa, mazungumzo yakafanywa, na mwisho ikakubaliwa kwamba ada iwe dola 5 kuanzia Julai 1, 2025, na ipande hatua kwa hatua mpaka dola 21 katika mwaka 2028. Kwa meli ya abiria 3,000, dola 42 zingekuwa dola 126,000 kwa kila ziara. Dola 5 ni dola 15,000. Wengine wataona hapo serikali iliyoshindwa. Sisi tunaona serikali iliyojifunza kwamba anayeanza kudai baada ya mgeni kuzoea bure hudai akiwa amekaa chini. Masharti hutajwa mlangoni.

Maana meli haina mizizi. Mwaka 2011 makampuni makubwa yaliondoa meli zake Mazatlán, katika pwani ya Pasifiki, kwa sababu ya hofu ya usalama, nazo zilianza kurudi baada ya takriban miaka miwili. Katika muda huo kiwanda kingebaki, shamba lingebaki. Meli ziling'oa nanga tu, na walioachwa ni madereva, wachuuzi na wapishi. Oktoba 2005 kimbunga Wilma kilivunja magati ya Cozumel, na meli zikaenda kwingine wakati kisiwa kikijijenga upya. Ndiyo kusema nchi inayojifunga na deni la miaka thelathini kwa ajili ya chombo kinachoweza kubadili njia kwa barua moja, haina budi kuandikiana na mwenye chombo kwa muda unaolingana na deni hilo.

Haya hatuyasemi ili kuwavunja moyo watu wa Meksiko, wala ili tuyakatae meli hizo kwa mikono yote miwili. Kijana wa Cozumel anayeendesha mashua ya wapiga mbizi anaijua thamani ya mgeni kuliko sisi tunaoandika. Na bandari ya maskani iliyopangwa vyema ni kazi ya heshima: ni soko la mvuvi, la mkulima wa mboga, la fundi wa mitambo na la baharia. Lakini kwa maoni yetu, kabla ya jiwe la kwanza kutupwa baharini, yatakiwa yajibiwe maswali manne. Abiria atalala wapi usiku wa kuamkia safari? Chakula cha melini kitanunuliwa kwa nani? Maji yatatoka kisima gani, na taka itazikwa wapi? Na meli ikiondoka isirudi, nani atalilipa deni la gati?

Meli za namna hii hutia nanga Unguja na Mombasa pia, na kila msimu husikika sauti zikisema tujenge, tupanue, tuwahi. Tangu mwaka 2021 bandari za Meksiko zimewekwa chini ya wizara ya wanamaji, kwa hiyo mwenye kuulizwa anajulikana. Nasi tungependa, siku shauri la namna hii litakapofika mezani kwetu, maswali yale manne yaulizwe hadharani, mbele ya mvuvi na mchuuzi, kwa lugha wanayoifahamu, na majibu yaandikwe kabla ya sahihi kutiwa. Mgeni tunamkaribisha kwa moyo mmoja. Tunataka tu, jua likizama na taa za meli zikipotea upeoni, mwenyeji naye awe amepona.