Pima Upepo, Mwanangu

Oya wana wa Kaliua, siku hizi kijiweni stori za mkoko wa umeme haziishi. Huyu kaona Nissan Leaf mtandaoni inatoka Japani kwa bei ya kishkaji, yule anauliza ikifika huku itachajiwa wapi. Swali la chaji ni la msingi kabisa. Ila kuna kitu kinaimaliza hiyo chaji kimyakimya na hakuna anayekiulizia: upepo wa tairi.

Cheki hesabu. Tabora mjini mpaka Kaliua, kupitia Urambo, ni kilomita mia na ushee. Leaf ya mwanzo, ile ya 2011 yenye betri ya kWh 24, EPA ya Marekani iliipa kilomita 117 kwa chaji moja, tena ikiwa mpya. Ya mtumba, betri imeshachoka, haifiki hapo. Sasa tairi likilegea linajilaza kwenye lami, mota inavuta kwa shida, asilimia zinashuka fasta. Ndinga ya petroli ikikata wese unamtuma boda akuletee kidumu. Umeme hauletwi na kidumu.

Halafu hilo betri lina uzito kinyama, karibu kilo 300. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopiga njia hii ya misafara kati ya pwani na Ujiji, mmoja alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Betri hilo lingetaka wanaume tisa wa shoka. Mzigo wote unakaliwa na matairi manne, na kwa umeme ukikanyaga pedeli nguvu inakuja yote palepale. Ya mbele ndiyo yanayosukuma gari, kwa hiyo yanaota kipara mapema, na yakikosa upepo yanalika pembeni.

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, kuna stika. Imeandikwa Kijapani, we tafuta namba: kwenye Leaf mara nyingi ni 250 kPa. Geji za mtaani zinasoma psi, so gawa kwa 6.9, unapata 36. Jaza hiyo. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, achana nayo. Na fundi akisema gari zote anajaza thelathini, muoneshe stika kwa heshima.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala, kabla jua halijakolea. Joto la tairi likipanda nyuzi 10, upepo unapanda karibu psi 2. Ukipima mchana baada ya misele utaona umezidi, utapunguza, kesho alfajiri uko chini. Geji ibane wima juu ya valvu. Ukisikia shiiii ndefu imekaa mshazari, rudia. Ukimaliza fanya kama mafundi baiskeli: paka mate mdomoni mwa valvu. Kipovu kikivimba, inavuja. Na kifuniko kirudishe, maana vumbi letu likiingia mle valvu haizibi vizuri tena.

Wapo wanaopunguza upepo wakiacha lami kuingia njia za vumbi za mashamba ya tumbaku, eti gari lilainike. Kwa Leaf mimi sikubali. Betri iko chini ya sakafu, tairi likilala gari linashuka, na jiwe linakutana na kitu cha bei mbaya kuliko vyote. Punguza spidi, upepo uache.

Jambo la mwisho, Leaf nyingi hazina tairi la spea. Kwenye buti unakuta kompresa ndogo na chupa ya gundi ya kuziba pancha. Gundi ina tarehe ya kuisha, na kwa gari la miaka hiyo huenda ilishapita zamani, nunua nyingine. Tairi likichanika ubavuni haisaidii, hapo piga simu uvutwe. Ila kompresa inachomekwa kwenye tundu la volti 12 ndani ya gari na ina geji yake, kwa hiyo kujaza upepo unafanya hapo hapo uani kwako, hujaenda hata kwa fundi.