CHUMA KISICHOSHIKA KUTU HAKITAKI MOTO WA MHUNZI

Kiangazi kinapokaza katika nyanda za Kitengela na Kajiado, na mito ya msimu ikabaki mchanga mtupu, watu na ng'ombe hutegemea visima virefu. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi, na maji ya namna hiyo hula chuma cha kawaida upesi. Kwa hiyo mwenye kisima hununua pampu yenye shafti na fito za chuma kisichoshika kutu, ambacho madukani huitwa stenlesi. Ni chuma cha bei kubwa, nacho kina udhaifu wake: uso wake ni laini. Mchanga unaopanda pamoja na maji huukwaruza, na mahali vipande viwili vinaposuguana hulika au hung'ang'aniana.

Mwenye pampu akiona shafti yake imelika, huenda akafikiri kuipeleka kwa fundi aikaze kwa moto, kama panga au shoka linavyokazwa. Kwa chuma hiki, kufanya hivyo ni hasara. Yafaa kila mkulima wa skimu ajue kwa nini, tena ajue kwamba iko njia nyingine ya kuukaza uso wa stenlesi bila kuuondolea kinga yake.

MOTO WA MHUNZI HUFANYA NINI

Wahunzi wa Kimaasai, wale ilkunono, wamefua simi na mikuki tangu zamani, na siku hizi hutumia hata springi za magari. Kila mhunzi ajua kwamba chuma cha springi kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kikatumbukizwa majini kwa ghafula, huwa kigumu. Kinachokipa ugumu huo ni kaboni iliyomo ndani yake, yaani kitu kile kile kilichomo katika makaa.

Chuma chenye kaboni kidogo mno hakikazi kwa njia hiyo. Fundi hukifungia ndani ya kopo lililojaa unga wa makaa, akalipasha moto wa digrii 900 za sentigredi hivi kwa muda wa saa nyingi. Kaboni ya makaa huingia katika uso wa chuma, na ndani hubaki vile vile. Baada ya kuzimwa majini au katika mafuta, uso huwa mgumu usiolika upesi, na ndani ni laini kiasi cha kutovunjika ovyo. Gia nyingi za trekta hukazwa kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa chuma cha kawaida, hii ni kazi nzuri.

KWA NINI STENLESI HAISHIKI KUTU

Mwaka 1913 Harry Brearley, mtaalamu wa chuma wa mji wa Sheffield, Uingereza, alichanganya chuma na madini ya kromiamu, akaona kwamba hakishiki kutu kama vyuma vingine. Leo chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromiamu isiyopungua sehemu kumi na nusu hivi katika kila mia. Stenlesi itumikayo sana kwa makopo ya maziwa na masufuria ina kromiamu sehemu 18 na nikeli sehemu 8 katika mia, na ndiyo maana vyombo vingine vimepigwa alama ya 18/8.

Kromiamu hushikana na oksijeni ya hewa, ikafanya utando juu ya chuma, mwembamba hata jicho haliwezi kuuona. Utando huo ni kama boma la miiba linalozunguka ng'ombe. Ukikwaruzwa hujiziba wenyewe, maadamu chini yake kromiamu imeenea kila mahali.

Sasa kitie chuma hiki katika moto mwekundu wa makaa. Kromiamu na kaboni huvutana sana. Katika joto kubwa zote mbili huweza kutembea ndani ya chuma, zikakutana na kushikana, zikawa punje ndogo ndogo ngumu. Uso huwa mgumu kweli, lakini kromiamu iliyofungwa katika punje hizo haiwezi tena kufanya utando. Mahali palipo kando ya punje hubaki bila kinga, na boma limetoboka. Maji ya chumvi hupita papo hapo, na shafti ambayo ingedumu miaka huanza kufanya vishimo, na mwisho yaweza kukatika. Ikikatika ndani ya kisima, hasara si ya shafti peke yake. Pampu yote itainuliwa, mafundi watalipwa, na mifugo itakaa bila maji mpaka kazi iishe.

Hata pasipo makaa hatari ipo. Stenlesi ya kawaida ina kaboni kidogo yake yenyewe, na ikikawia katika joto la kati ya digrii 450 na 850 hivi, kaboni hiyo huanza kuikamata kromiamu. Hii ni sababu mojawapo ya kopo la maziwa lililochomelewa vibaya kuota kutu kando ya mshono, ingawa kwingine kote linang'aa.

MWANAMBUZI HUPENYA, FAHALI HAPENYI

Wataalamu walitafuta njia ya kuukaza uso bila kulitoboa boma. Mwaka 1985 Z. L. Zhang na Tom Bell wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitoa habari za kazi yao ya kutia nitrojeni katika uso wa stenlesi kwa joto dogo kuliko lililozoeleka. Nitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa tuivutayo, nayo hukaza chuma kama kaboni. Uso ulikuwa mgumu, na kinga yake dhidi ya kutu haikupotea. Baadaye viwanda vilijifunza kufanya vivyo hivyo kwa kaboni.

Jambo lenyewe si gumu kuelewa. Chembe za kaboni na nitrojeni ni ndogo, na chembe ya kromiamu ni kubwa. Fikiri ua wa nguzo: mwanambuzi hupenya katikati ya nguzo, lakini fahali hawezi. Katika joto la digrii 400 hivi, kaboni au nitrojeni hupenya katikati ya chembe za chuma, lakini kromiamu haina nguvu ya kuondoka mahali pake. Kwa kuwa haitembei, haikusanyiki wala haifungwi. Chembe ndogo hujibana katikati ya zile kubwa, uso ukakaza sana, na kromiamu ikabaki imeenea tayari kufanya utando wake.

Ugumu wa uso huo waweza kuzidi ule wa kwanza mara nne au zaidi. Tabaka lenyewe ni jembamba, mara nyingi sehemu 20 au 30 za elfu za milimita moja, yaani halifiki nusu ya unene wa unywele. Kwa hiyo shafti ikichongwa au ikipigwa msasa baada ya kukazwa, ugumu wote huondoka.

Kazi hii haifanyiki katika jiko la makaa, hata fundi awe hodari namna gani. Mhunzi hupima joto kwa rangi, lakini chuma katika digrii 400 bado hakijawa chekundu. Stenlesi ikianza kuwa nyekundu, mpaka umekwisha kupitwa. Tena utando unaozuia kutu ndio huo huo unaozuia kaboni na nitrojeni kuingia. Kiwanda huuondoa kwanza, kisha huacha gesi iingie polepole katika tanuri lililofungwa kwa muda wa saa nyingi, pengine siku kadhaa.

SI LAZIMA KILA KITU KIWE KIGUMU

Tazama pampu ya mkono iitwayo Afridev, iliyostawishwa katika Malawi na Kenya katika miaka ya 1980. Mahali mkono wake unapozunguka, waliweka vikombe vya plastiki ngumu, chuma kisisuguane na chuma. Plastiki hulika, lakini ni rahisi, na watu wa kijiji waweza kuibadilisha wenyewe. Mara nyingi ni afadhali kiharibike kitu cha bei ndogo kuliko kukipeleka cha bei kubwa motoni.

Visu vya stenlesi ni jambo mbali. Chuma chake kina kaboni zaidi, na kiwanda hukikaza kwa moto kwa kupima joto barabara. Sumaku hukishika kwa nguvu, lakini stenlesi ya 18/8 haishikwi na sumaku, au hushikwa kidogo tu.

MASHAURI KWA MKULIMA

1. Usikubali shafti, fito au bolti ya stenlesi itiwe katika moto wa mhunzi. Iliyolika ibadilishwe.

2. Kabla ya kununua pampu, maji ya kisima yapimwe chumvi. Maji yakiwa na chumvi nyingi, uliza stenlesi yenye alama ya 316, ambayo ina madini ya molibdenamu na hustahimili chumvi kuliko 304.

3. Kisima kikitoa mchanga, mwulize mwuzaji kama shafti ilikazwa uso kiwandani kwa joto dogo, na akuonyeshe maandishi.

4. Chombo kikihitaji kuchomelewa, chagua chuma chenye alama ya 304L au 316L. Herufi L maana yake kaboni ni kidogo sana. Rangi ya buluu au kahawia iliyobaki kando ya mshono iondolewe yote.

5. Usisugue kopo la maziwa kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, kwa kuwa vipande vyake hubaki juu ya kopo vikashika kutu. Dawa ya klorini isiachwe ndani usiku kucha. Suuza kwa maji safi, kisha liinamishe likauke.

6. Paka grisi ifaayo katika meno ya bolti za stenlesi kabla ya kuzikaza, zisije zikang'ang'aniana.

Mwenye pampu iliyolika na aende kwanza katika ofisi ya maji au ya kilimo iliyo karibu naye, akichukua karatasi ya pampu na majibu ya kupimwa kwa maji. Afanye hivyo mapema, kabla kiangazi hakijafika.