Sio hasira tu, ni mawazo: jinsi stresi inavyojificha

Leo tuongee kitu ambacho huku kwetu Bariadi tunakitania kila siku: mawazo. Ukimuuliza mtu mbona umekonda hivyo, anakujibu "mawazo tu bwana", mnacheka, mnaendelea na stori.

Mimi yalinikuta mwaka 2019. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kidato cha tano, na nyumbani tulikuwa tunategemea pamba. Wanaoukumbuka msimu ule wanajua. Bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, watu wakapeleka mzigo kwenye AMCOS, wakapewa karatasi zao, halafu kimya! Simiyu na mikoa jirani wakulima walisubiri hela miezi na miezi, na sisi tulikuwa humo humo. Godoro, sare, nauli, vyote vilikuwa ndani ya ile karatasi. Baba alikuwa anatoka asubuhi na baiskeli kwenda kuulizia, anarudi jioni hasemi kitu.

Cha ajabu sikujiona nina stresi hata kidogo. Nilijiona nina hasira. Mama akiuliza kama nimekula namjibu kwa mkato. Meseji za washkaji waliokwisharipoti shuleni nilikuwa nazifuta bila kusoma. Siku moja mdogo wangu akamwaga maji, nusu ndoo tu, nikamzaba kofi. Hakulia. Aliniangalia kama anamwangalia mtu asiyemjua, na wiki nzima akiniona nakuja anahamia upande wa pili wa nyumba. Hapo ndio nikaanza kujiuliza, hivi hii hasira ni ya maji kweli?

Sasa sikia kinachotokea mwilini. Mwaka 1936 daktari mmoja aliyekuwa anafanya kazi Canada, Hans Selye, aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa njia tofauti tofauti, baridi, kazi nzito, sindano. Mateso tofauti, lakini miili yao ikajibu kwa namna moja. Na sisi ndio hivyo hivyo. Ukikutana na fisi njiani usiku, tezi ndogo zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Nyuma yake inakuja kotisoli, inayouweka mwili tayari kwa muda mrefu zaidi. Fisi akiondoka, mwili unatulia.

Ila deni haliondoki kama fisi. Linalala na wewe, linaamka na wewe. Mwili unabaki tayari kwa vita miezi mitatu, usingizi unakatika saa nane usiku, na mtu asiyelala vizuri hasira zake zipo karibu kweli. Ndio maana wengi hawajitambui. Wanasubiri waone huzuni, kumbe kwa mwingine inakuja kama ukali, mwingine anacheka kupita kiasi, mwingine anajifungia ndani watu wanasema "siku hizi anaringa". Wengine wanasema amerogwa. Na ukithubutu kusema kichwa hakiko sawa, utaambiwa upelekwe Mirembe! Huo utani wa Mirembe unafanya watu wanyamaze, mimi siupendi.

Kilichonisaidia kwanza ni kuipa jina lake. Nilikaa na dogo nikamwambia nisamehe, sikukasirikia maji, nimekasirika kwa sababu ya shule. Kusema tu hivyo kifua kikapungua. Baba alikuwa anasikia. Jioni akaniambia, "Mwanangu, hata mimi silali." Miezi yote ile tulikuwa tunakesha wawili, kila mtu kwenye chumba chake.

Kingine ni kuutumia mwili. Lima, beba maji, cheza mpira mpaka jasho likutoke. Wazee wetu wa Kisukuma walilima kwa bugobogobo, majembe yanapanda na kushuka pamoja na ngoma, wengi shambani kwa wakati mmoja. Sisemi ilikuwa dawa ya mawazo, lakini huwezi kujifungia na matatizo yako huku unaimba na watu ishirini. Na ukiona unataka kulipuka, vuta pumzi taratibu, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia kama mara kumi. Nilidhani ni upuuzi, kumbe moyo unapunguza kasi kweli.

Pombe sishauri. Utalala haraka, halafu usiku wa manane macho kodo, na hela imekwenda.

Ila kama hali imefika wiki mbili mfululizo, hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, nenda hospitali ukaonane na daktari au mhudumu wa afya ya akili. Na kama mawazo ya kujidhuru yameanza kuja, usisubiri hizo wiki mbili, mwambie mtu leo hii na usikae peke yako. Walio chini ya miaka 18 wanaweza kupiga 116, ni bure.

Hela ya pamba ilikuja shule imekwishakwenda mbali, sikuripoti. Inaniuma mpaka leo, siwadanganyi. Ila dogo siku hizi ndiye ananiuliza, "Kaka, umelala?"

Dakika zangu hapa kafe zinaisha. Wewe yako huwa inakujaje, hasira, kicheko au kujifungia? Andika hapo chini.