Kusoma Sheria na Kriminolojia Chuo Kikuu: Njia Tatu Baada ya Kidato cha Nne

Tuseme magunia matatu ya korosho yameibwa usiku kwenye ghala huko Matambarale, mkoani Lindi. Mwanasheria atauliza: nani ameyachukua, ushahidi uko wapi, na je, kosa limethibitishwa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16? Mwanakriminolojia atauliza jambo jingine: kwa nini wizi huu hutokea msimu wa mauzo, na nini kitauzuia usirudi mwakani?

Sheria hushughulikia haki, wajibu na hukumu. Kriminolojia ni elimu ya uhalifu: chanzo chake, wahusika wake na matokeo ya adhabu. Mmoja wa waanzilishi wa fikra hizi ni Cesare Beccaria wa Italia. Mwaka 1764 aliandika kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Hapa Tanzania mada hizi hukutwa zaidi ndani ya masomo ya sheria na sosholojia. Kwa jirani zetu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Egerton hutoa shahada ya kriminolojia. Uingereza vyuo vingi huunganisha sheria na kriminolojia katika shahada moja ya miaka mitatu, na asiyetimiza sifa huanza na mwaka mmoja wa kozi ya msingi, maarufu kama fandesheni.

Njia tatu za kufika

(a) Kidato cha tano na sita. Hii ndiyo njia fupi. Tahasusi kama HGL, HKL na HGK huwafaa wengi. Ili uingie shahada, kigezo cha chini cha jumla ni pointi 4.0 kutoka masomo mawili. Pointi huhesabiwa hivi: A=5, B=4, C=3, D=2, E=1, S=0.5. Kila chuo kinaweza kuweka masharti ya juu zaidi.

(b) Cheti na stashahada. Mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne anaweza kuomba cheti cha sheria, kisha stashahada. Kwa kawaida ni miaka mitatu kwa jumla. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, mkoani Tanga, ni mfano mmoja. Stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 au zaidi hufungua mlango wa shahada.

(c) Kozi ya msingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huitoa kwa mwaka mmoja. Ni daraja kwa waliokaribia sifa za shahada wakakwama: mwenye angalau pointi 1.5 za kidato cha sita kutoka masomo mawili, au stashahada yenye GPA ya 2.0 na kuendelea, au cheti cha NTA ngazi ya 5. Ili avuke, anatakiwa kupata GPA ya 3.0. Chuo hiki kina kituo pia mkoani Lindi, hivyo mwanafunzi halazimiki kuhamia Dar es Salaam.

Shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe ni miaka minne. Anayetaka uwakili huendelea na mafunzo ya vitendo katika Shule ya Sheria Tanzania.

Kosa linalogharimu familia

Soma tena njia (c). Cheti cha kidato cha nne peke yake hakimo. Mzazi anaweza kuuza korosho za msimu mzima, akalipa ada kwa mtu anayeahidi kwamba kijana wake atatoka kidato cha nne moja kwa moja hadi fandesheni, kisha shahada. Mwaka unapita, na maombi ya chuo kikuu yanakataliwa. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, fanya mambo mawili: hakikisha chuo cha kati kimesajiliwa na NACTVET, na soma mwongozo wa udahili wa TCU, ambao hutolewa kila mwaka. Ukiahidiwa nafasi nje ya nchi, kumbuka kwamba shahada za nje hupelekwa TCU ili zitambuliwe.

Usipuuze Kiingereza

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Hata hivyo, vyuo vikuu bado hufundisha sheria kwa Kiingereza, na hukumu nyingi za zamani zimeandikwa kwa lugha hiyo. Anayetoka kijijini akiwa na lugha zote mbili atasoma hukumu ya Mahakama ya Rufani na kumweleza mkulima maana yake. Kazi hiyo inahitajika sana vijijini. Hivyo, alama ya Kiingereza unayoitafuta sasa utaendelea kuidaiwa mbele ya safari.

Maswali ya kujipima

1. Asha ana D nne katika kidato cha nne, moja ikiwa ya Maarifa ya Uislamu. Je, anatimiza sharti la njia (b)?
2. Juma amepata D na E katika masomo yake mawili bora ya kidato cha sita. Aombe nini?
3. Taja swali moja la kisheria na moja la kikriminolojia kuhusu ng'ombe walioingizwa shambani na kula mbaazi.

Majibu

1. Hapana. Somo la dini halihesabiwi, hivyo ana matatu tu. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.
2. Ana pointi 3.0, pungufu ya 4.0 lakini zaidi ya 1.5. Aombe kozi ya msingi.
3. Kisheria: nani alipe fidia, na hasara itathibitishwaje? Kikriminolojia: kwa nini migogoro hii huzidi nyakati fulani za mwaka?