Mbona Sh5,400 za HSNP Hazinunui Chakula Kile Kile?

Kaya zinazopokea fedha za mpango wa HSNP katika Kaunti ya Isiolo hulipwa Sh5,400 kila baada ya miezi miwili, yaani Sh2,700 kwa mwezi. Swali linalosikika mara kwa mara ni hili: mbona pesa ni zile zile, lakini chakula kinachofika nyumbani kimepungua? Wengine hudhani wamekatwa. Mara nyingi jibu liko dukani.

Chukua mfano wa unga. Pakiti ya kilo 2 ikiuzwa Sh120, malipo ya miezi miwili hununua pakiti 45. Bei ikipanda hadi Sh180, pesa hizo hununua pakiti 30. Hakuna aliyekata hata shilingi moja, ila kaya imepoteza pakiti 15.

Kiasi kilivyokuwa kikiongezwa

Mpango ulipoanza mwaka 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kila kaya ililipwa Sh2,150 kwa miezi miwili. Bei za vyakula zilipopanda, malipo yalirekebishwa. Mwaka 2013 yalikuwa Sh4,600, mwaka 2014 Sh4,900, mwaka 2015 Sh5,100, na mwaka 2016 yakafika Sh5,400.

Isiolo iliingia katika awamu ya tatu, pamoja na Garissa, Samburu na Tana River, na kukuta kiwango hicho cha Sh5,400. Hakikupandishwa hata mfumko wa bei nchini ulipofika asilimia 9.6 mnamo Oktoba 2022, ukame ukiwa umekaza.

Nani huamua?

Serikali ya kaunti haipangi kiasi hiki. HSNP husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), na nyongeza hutegemea bajeti ya serikali ya kitaifa. Nchini Marekani, viwango vya msaada wa chakula hurekebishwa kila Oktoba 1 kwa kufuata bei za vyakula za mwezi Juni. Hapa kwetu, lazima fedha za nyongeza zitengwe kwanza katika bajeti.

Kwa hivyo sauti ya mwananchi ina nafasi. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, nayo Ibara ya 201 inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Makadirio ya bajeti huwasilishwa katika Bunge la Kitaifa kufikia Aprili 30, kabla ya mwaka mpya wa kifedha kuanza Julai 1. Maoni yanayotolewa katika kipindi hicho, au kupitia mbunge, hufika kwa wakati.

Maoni hayo yawe na takwimu. Mfumko wa bei wa kitaifa hauonyeshi mzigo wote wa mfugaji, kwa sababu chakula ni takriban theluthi moja tu ya vitu vinavyopimwa. Kaya inayotumia karibu pesa zote kwa chakula huumia zaidi. Isitoshe, ukame ukizidi, bei ya mbuzi hushuka katika masoko kama Oldonyiro na Merti huku bei ya mahindi ikipanda. Taarifa ya NDMA ya kila mwezi huonyesha mbuzi mmoja anaweza kununua kilo ngapi za mahindi.

Malipo ya dharura si nyongeza

Setilaiti zikionyesha kwamba malisho yamekauka kupita kiwango kilichowekwa, NDMA inaweza kutoa malipo ya dharura, hata kwa kaya zisizolipwa kila mara. Malipo hayo hukoma hali ya malisho ikiimarika. Kukoma kwake si kukatwa.

Kabla ya kulalamika

• Kiasi kilichoingia kwenye akaunti kikiwa Sh5,400 kamili, tatizo ni bei.
• Kikiwa pungufu, au wakala akikupa pesa kidogo kuliko ulizotoa, hifadhi risiti na upige ripoti kwa chifu au katika ofisi ya NDMA mjini Isiolo.
• Usimlipe mtu yeyote anayedai anaweza "kukufungulia" nyongeza.
• Usimpe mtu nambari yako ya siri. Nyongeza ikiidhinishwa, itaingia katika akaunti ya kila anayestahili bila ada.