Je, Wajua? Nyama ya Kusaga na Maharage kwa Haraka

Je, wajua kuwa mchuzi mkali wa nyama ya ng'ombe na pilipili, unaopendwa sana Texas, Marekani, hupikika Dodoma kwa viungo vya sokoni tu?

• Nyama. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, ni wafugaji wa ng'ombe tangu zamani. Kongwa, mkoani humo, kuna ranchi ya taifa ya ng'ombe.

• Haraka. Nyama ya kusaga huiva mapema kuliko vipande. Maharage yaandae kabla: yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemshe sana hadi yalainike. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu.

• Wepesi. Sagisha steki isiyo na mafuta. Ikaange bila kuongeza mafuta, mwaga yanayojitoa, ndipo utie kitunguu, nyanya, pilipili na maharage.

• Ukali. Kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Hivyo, ukiwashwa, kunywa maziwa ya mgando, si maji.

• Pembeni. Andaa ugali wa uwele au mtama, nafaka zinazostahimili ukame wa nyanda za kati.